Makochi Mekundu na Magoti ya Mama Mkwe

Nakumbuka Jumamosi moja, katika mwaka wa pili wa ndoa yangu, lori la nafaka lilipoegeshwa mbele ya nyumba za walimu pale kijijini Tulia, na watu wa sokoni wakaacha shughuli zao kuja kutazama kinachoshushwa. Yalikuwa makochi yangu. Moja refu la watu watatu na mengine mawili ya mtu mmoja mmoja, yote ya kitambaa chekundu chenye manyoya laini, yamezungushiwa kamba ya rangi ya dhahabu pembeni. Nilisimama mlangoni mikono kiunoni nikijifanya nina haraka, lakini moyoni nilitamani wale watu wasiondoke upesi.

Mwanangu, maana nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, juzi uliniletea picha ya viti uliyoikata kwenye kalenda, ukaniuliza kama vinafaa kwa nyumba unayoipanga. Sikukujibu. Ulidhani sikupendezwa. La, nilikuwa natafuta pa kuanzia, kwa maana jibu langu ni refu na ndani yake kuna mambo ambayo sioni fahari kuyasema. Kaa basi nikueleze.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafundisha darasa la tatu. Mume wangu Musyoka alikuwa ofisa wa mifugo, mtu wa kuzunguka na baiskeli akidunga ng'ombe sindano kutoka boma moja hadi jingine. Sebuleni kwetu tulikuwa na viti vinne vya mbao ya mukau, ule mti wetu wa Ukambani ambao hata mchwa wanauogopa. Vilikuwa na mgongo ulionyooka na mikono miwili imara. Mama yake Musyoka ndiye aliyetutengenezea kwa fundi tulipofunga ndoa. Havikuwa na kasoro yoyote. Kosa lao lilikuwa moja tu, kwamba mke wa mwalimu mkuu alikuwa na makochi na mimi sikuwa nayo.

Basi likizo moja tukaenda Nairobi, nikayaona yale mekundu kupitia kioo cha duka. Nilisimama pale kama mtoto aliyeona mandazi. Muuzaji akatukaribisha ndani, akasema, "Keti mama, ujaribu."

"Hakuna haja," nikamwambia. "Nimeshaona."

Sikiliza neno hilo vizuri. Nilitaka kununua kitu cha kukaliwa na nikakataa kukikalia. Musyoka ndiye aliyekaa. Alikuwa mrefu, na alivyozama magoti yakapanda mpaka karibu na kidevu.

"Mwende, hiki kitu kinanimeza," akasema.

"Ni kwa sababu umezoea mbao," nikamjibu, na yule muuzaji akacheka pamoja nami. Musyoka akajivuta, akainuka. Hakuwa mtu wa kubishana mbele ya wageni.

Viti vya mukau nikampa dada yangu, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa akihamia Mtito Andei na mumewe kufungua hoteli ya chai kwa ajili ya madereva wa malori. Sikumuuliza mama mkwe. Niliona vitu vilivyo nyumbani kwangu ni vyangu.

Sasa nikuambie kuhusu huyo mama. Jina lake lilikuwa Syombua, nami nilimwita Mwaitu, kama tunavyoita mama kwa Kikamba. Aliishi mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu. Kila siku ya soko alipita nyumbani na kikapu, ndani yake ndengu au mbaazi au mayai matatu yaliyofungwa kwa majani. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akanywa vikombe viwili vya chai, akanipa habari za shamba, kisha akashika mikono ya kiti, akainuka, akaenda zake. Hakunichosha hata siku moja. Niliporudi nimechoshwa na wavulana wa darasa langu na kelele zao, yeye ndiye aliyenituliza.

Zamani hizo, kama hata sasa, mtu akipata kitu kipya aliita kanisa lije limwombee. Nami nikaita. Wakaja akina mama kama kumi na watano na mchungaji wetu. Wengine nikawapa madawati niliyoazima shuleni. Mwaitu nikamkalisha kwenye lile kochi refu, katikati kabisa, mahali pa heshima. Juu ya migongo na mikono ya makochi nilikuwa nimetandika vitambaa vyeupe nilivyofuma mwenyewe kwa miezi miwili.

Tukaimba, tukasoma Neno. Kisha mchungaji akasema, "Tusimame, tuiombee nyumba hii."

Watu wote wakasimama isipokuwa Mwaitu. Nilifumbua jicho moja nikamwona ameinamisha kichwa, mikono imeng'ang'ania ukingo wa kochi, anatazama sakafu. Mchungaji akaomba maombi marefu, nayo yakaisha yeye akiwa amekaa. Niliona mama mmoja akimgusa mwenzake kwa kiwiko. Uso wangu ukawaka moto.

Baada ya chai niliwasindikiza wageni hadi barabarani. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Meza imesukumwa kando. Vitambaa viwili viko chini, kimoja kimevutwa mpaka uzi ukafumuka. Mwaitu alikuwa ameondoka kwa mlango wa jikoni bila kuaga.

Musyoka, ambaye siku hiyo alikuwa kazini, aliporudi nikampokea na maneno. "Mama yako amekataa kuiombea nyumba yangu. Watu wote wamesimama, yeye amekaa. Halafu ametupa vitambaa vyangu chini."

"Labda alichoka," akasema.

"Kuchoka gani huko? Ana hasira kwa sababu nimetoa viti vyake. Kama ana neno, si aseme?"

"Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza na sikutaka kumuuliza, mwanangu, kwa sababu nilikwisha kujipa jibu na lilinitosha.

Siku ya soko iliyofuata Mwaitu hakuja. Wala iliyofuata hiyo. Alituma ndengu kwa jirani yake aliyekuwa akija sokoni. Nilizipokea, nikamwaga ndengu kwenye debe, nikamrudishia yule jirani kikapu kitupu. Wewe umekulia huku kwetu Ukambani, unajua kwamba kikapu cha mama mkwe hakirudi kitupu. Hata sukari kidogo au sabuni kipande unatia ndani, hata majani ya chai. Mimi nilijua pia. Nilikirudisha kitupu makusudi.

Baadaye nikagundua nina mimba. Unajua desturi yetu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Jioni moja tukila nikamwambia Musyoka kwamba tukipata msichana ataitwa jina la mama yangu mimi. Akaweka kijiko chini.

"Mwende," akasema polepole, "ukifanya hivyo utakuwa umemzika mama yangu akiwa mzima."

"Yeye ndiye aliyenikataa kwanza."

Musyoka aliinuka akaenda kukaa nje. Tangu siku hiyo tukawa tunaongea mambo ya chumvi na mafuta ya taa tu. Hivyo ndivyo nyumba inavyoweza kupoa.

Mimba ilikuwa na miezi saba hivi, mzazi mmoja alipokuja kuniuliza habari za mtoto wake. Alipoketi, mguu wa kochi dogo ukavunjika. Hata mwaka ulikuwa haujaisha! Nikaona haya, nikamtuma mtu amwite Mzee Kilonzo, seremala aliyekuwa na kibanda kando ya soko. Ndiye aliyekuwa ametengeneza vile viti vya mukau.

Alikuja na mfuko wake wa vyombo. Tukasalimiana, nikamwonyesha kochi refu nikasema, "Karibu uketi mzee, chai iko njiani."

Akalitazama lile kochi, akatazama mlango wa jikoni. "Mwalimu, una kigoda huko ndani?"

Nilikasirika, sikufichi. Nikasema, "Hata wewe?"

"Hata mimi na nani mwingine?"

Nikageuka kuelekea jikoni. Akaniambia, bila ukali wowote, "Mimi magoti yangu yamezeeka. Nikiingia humo nitatokaje? Utaita watu waje wanivute?" Halafu akaongeza, "Hebu keti wewe."

Nikaketi.

"Sasa inuka. Usishike kitu."

Mwanangu, nilijaribu. Tumbo lilinirudisha nyuma. Nikajaribu tena kwa kujisukuma mbele, nikateleza, kiti kikazidi kunivuta chini. Mara ya tatu nikapumua kwa nguvu kama mtu aliyebeba gunia. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa wiki nyingi nilikuwa nakalia ukingo wa kitanda, au kigoda cha jikoni, au kiti cha darasani, na sikuwa nimejiuliza ni kwa nini. Nilikuwa nimeyakimbia makochi yangu bila kujua.

Mzee Kilonzo hakucheka. Alinipa mkono nikainuka. Akageuza lile dogo lililovunjika, akachana kitambaa cha chini kwa kisu. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao za masanduku vilivyopigwa misumari tu, na magunia yaliyoraruliwa ndiyo yaliyojaza mikono ya kiti. Alishika kiungo kimoja kikatikisika kama jino bovu.

"Hapa hakuna gundi, wala mbao haikuingizwa ndani ya mwenzake," akasema. "Aliyetengeneza hiki alijua utatazama juu tu."

Lakini mimi sikuwa nafikiria mbao. Nilikuwa naiona ile mikono iliyong'ang'ania ukingo wa kochi wakati wa maombi.

"Mzee," nikamuuliza, "mtu akishindwa kuinuka hapa, na hakuna wa kumsaidia, atafanyaje?"

Akaweka kisu chini. "Atateremka sakafuni kwanza. Apige magoti, atambae, atafute kitu cha kushika."

Nikatazama kitambaa kilichofumuka uzi, ambacho nilikuwa nimekirudisha mahali pake bila kukishona ili kiniongezee hasira kila nikionapo. Nikaingia jikoni nikalia mpaka chai ikamwagika motoni.

Kesho yake, baada ya shule, nilienda kwa Mwaitu. Njia ya saa moja mimi na tumbo langu tuliitembea kwa saa mbili. Nilimkuta mlangoni anachagua ndengu kwenye ungo. Alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mgeni, kwa adabu. Akataka kuniletea kiti, nikamwambia asiinuke. Nikaketi chini kando yake, juu ya gunia.

"Mwaitu," nikasema, "siku ile ya maombi ulishindwa kuinuka?"

Vidole vikaacha kuchagua. "Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Nimeshindwa mimi mwenyewe."

Akalitazama tumbo langu, akanitazama usoni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa machozi, kisha yale machozi yakabaki na kicheko kikaisha.

"Mchungaji aliposema tusimame nilijaribu mara moja," akasema. "Nikaona nitaanguka mbele ya watu. Nikasema moyoni, Mungu anayajua magoti yangu, nitaomba nimekaa. Mlipotoka nikatambaa kama mtoto. Nilishika kile kitambaa nikidhani kuna mbao chini yake, kikaja chote mkononi. Nikasukuma meza. Nikafika dirishani nikajivuta. Nilikuwa nasema tu, Musyoka asifike anikute hivi. Na wewe usinikute."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Mwende? Umenunua kitu umekipenda, ukaita kanisa kukiombea. Nije niseme kinanishinda? Ungesema mama mkwe ana wivu."

Nilitaka kukana. Sikuweza. Ni hilo hasa ningesema.

"Na kile kikapu, Mwaitu," nikaanza kusema.

"Kikapu kiliniuma," akasema wazi. Hakunirahisishia. Alivuta ungo karibu nami, tukachagua ndengu pamoja hadi jua lilipoanza kuteremka. Kisha akaniambia niende kabla giza halijanikuta njiani, na nilipofika kwenye ua akaniita. "Siku ya soko nitapita. Chai yangu uongeze sukari."

Asubuhi yake nilienda kwa Mzee Kilonzo nikamwambia nataka kiti cha mama mkwe. Akaniuliza, "Mguu wake una urefu gani?"

Nikamwambia sijui.

"Basi mimi nitakitengeneza vipi? Nenda ukampime. Tangu kisigino hadi nyuma ya goti. Tangu nyuma ya goti hadi kiunoni. Halafu akiwa amekaa sawa, tangu makalio hadi kiwiko, hapo ndipo mkono wa kiti utakaa." Akanipa kamba ya katani. Yeye mwenyewe hangeweza kumpima mama wa watu.

Siku ya soko Mwaitu alipokuja nilimkalisha kwenye kigoda, nikapiga magoti mbele yake na ile kamba. "Unanipima sare ya shule?" akauliza, tukacheka. Lakini nilipopandisha leso kidogo nikaona magoti yake kwa mara ya kwanza. Yalikuwa yamevimba, na ngozi ya mbele imekuwa ngumu kama kisigino. Miaka yote hiyo alipiga magoti kwenye mchanga wa mto uliokauka, akichimba na kuchota maji kwa kibuyu, na watoto saba walikunywa maji hayo, Musyoka akiwa mmoja wao. Niliifunga kamba fundo pale kipimo kilipoishia.

Mzee Kilonzo hakuharakisha. Alitumia mbao ya mukau aliyoikausha chini ya paa kwa zaidi ya mwaka, akaniambia mbao mbichi hucheka mbele yako dukani na kupasuka nyumbani. Alinionyesha jinsi ulimi wa mbao moja unavyoingia kwenye tundu la nyingine na kufungwa kwa kijiti. Alipomaliza alinikalisha na kuniambia niinuke mara tano, mimi na tumbo langu, mpaka akaridhika. Mto wake ulikuwa mgumu kiasi, wa kukupokea bila kukuzamisha.

Nilijifungua msichana, mwepesi, mwenye sauti. Siku ya tatu akina mama wakaja kwa ajili ya jina. Musyoka alikuwa amesimama karibu na mlango, ananitazama, kwa maana hatukuwa tumelizungumza tena lile jambo. Mwaitu alikuwa kwenye kiti chake, naye hakuuliza kitu. Sijui kama alikuwa amesikia niliyomwambia Musyoka kuhusu jina. Nadhani alikuwa amesikia.

Nikamweka mtoto mikononi mwake nikasema, "Mwaitu, pokea jina lako."

Musyoka akatoka nje haraka. Wanaume wetu hawapendi kuonwa wakilia.

Mwaitu alikaa nasi mwezi mzima. Asubuhi moja nilikuwa bado nimelala, nimechoka, mtoto akaanza kulia mikononi mwa nyanya yake. Nikainua kichwa ili niende kumchukua. Lakini Mwaitu alikuwa tayari amekamata mkono wa kiti kwa mkono mmoja, mtoto kwenye mwingine, akainuka peke yake, taratibu, akaanza kutembea naye sebuleni akimwimbia. Niliwatazama wakienda na kurudi. Katika maisha yangu nimenunua vitu vingi. Sijawahi kununua kingine kilichonipa furaha ile.

Basi, mwanangu, kuhusu hiyo picha yako. Mimi siwezi kujua kiti kwa picha na wewe pia huwezi. Nenda ukakikalie. Usikikalie kama mtu wa kupigwa picha, kikalie muda wa kunywa chai, uegemee, uone kama miguu inafika chini na mgongo umepata pa kutulia. Kisha uinuke bila kujisukuma. Mpeleke na mumeo, na akisema kinammeza, msikilize. Kigeuze juu chini, na muuzaji akikukataza, toka dukani. Shika viungo uvitikise. Uliza mbao ni ya mti gani na imekauka kwa muda gani. Rangi itazame mwisho. Simaanishi uache kitu kizuri, hapana, uzuri nami naupenda mpaka leo, ila kwanza kiwe kiti.

Na kabla hujalipa, wafikirie wote watakaoingia kwa mlango wako. Mama mwenye magoti, baba mwenye mgongo, mwanamke mwenye mimba, na wewe mwenyewe utakapokuwa kama mimi. Weka angalau kimoja ambacho mzee anaweza kukikalia na kuinuka bila kuomba msaada. Kisha mtu akija kwako akakaa wengine wakisimama, au akiacha kuja kabisa, usijipe jibu. Mwendee umuulize. Mimi nilipoteza miezi mingi ya mama mkwe wangu kwa kutouliza, na hiyo hakuna fundi wa kunitengenezea.

Mungu aibariki mikono yako na ya mumeo. Awape nyumba yenye kupumzisha mwili na moyo, wazee wapende kufika kwenu na watoto wapende kurudi. Atakayeingia kwenu amechoka, aondoke ana nguvu. Nenda salama, na kikapu hiki usikiache, nimekutilia mbaazi kidogo.